Ziwa Nisilolitaja

Wanaonifahamu wananijua kwa chaki na ubao, na huenda baadhi yao watacheka wakiona nimeanza kuandika habari za uvuvi. Hawana makosa. Sisi Wanyambo tulio wengi ni watu wa vilimani, watu wa migomba na kahawa. Wako wazee wenye heshima zao katika Karagwe ambao wamezeeka bila kutia mguu ndani ya mtumbwi, wala hawaoni kama wamekosa kitu. Hata hivyo, kwa muda wa miaka hamsini na zaidi mimi nimekuwa na ziwa langu. Nasema langu kama mtu anavyosema kanisa langu au shule yangu, si kwa hati ya kumiliki bali kwa mazoea na mapenzi. Nimeliendea nikiwa kijana mwenye furaha, nimeliendea nikiwa na majonzi, na mara moja nililiendea nikiwa na ndoo. Safari hiyo ya ndoo ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu.

Ziwa lenyewe liko kaskazini, upande ambao zamani ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe na ambao tangu mwaka 2012 unaitwa Wilaya ya Kyerwa. Ukitoka Kayanga utapita Omurushaka, utashika njia ya Nkwenda, na baadaye utafika mahali ambapo gari halina tena kazi. Kuanzia hapo ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Kwanza unapita katikati ya migomba, kisha unapanda kilima chenye majani marefu, halafu unaanza kushuka kwenye bonde lililojaa mafunjo. Hulioni ziwa mpaka ukaribie kabisa. Ni dogo, mtu mwenye sauti nzuri akiita upande huu, aliye ng'ambo atamsikia. Maji yake hutoka polepole kupitia mafunjo hayo hadi yaungane na Mto Kagera, mto ambao ndio mpaka wetu na Rwanda kwa magharibi na Uganda kwa kaskazini.

Jina lake sitalitaja, na naomba msomaji wangu anisamehe. Maziwa ya nchi yetu yamekwisha kutajwa vya kutosha. Mwezi Novemba 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika Karagwe kwa Mukama Rumanyika, wakapokewa kwa ukarimu mkubwa. Waliona ziwa moja chini ya vilima karibu na makao ya Mukama, na kwa kuwa Grant aliona linafanana na ziwa la kwao Uingereza, wakaliita Windermere Ndogo. Watu waliokuwa wakinywesha ng'ombe pale walikuwa na jina lao tayari, lakini ni lile la wageni lililochapishwa kwenye ramani. Speke hakuwa mtu mbaya kwa jambo hilo. Alikuwa na hamu ya nyumbani. Ila nimejifunza kwamba mgeni akipenda mahali, mara nyingi hutamani pafanane na kwao, na hapo ndipo matatizo huanza.

Mapenzi yangu ya uvuvi, kwa kweli, hayakuanzia Karagwe. Yalianzia Kilimanjaro. Mwaka 1970 nilikwenda kusomea ualimu Marangu, na huko nilikuta mkufunzi mmoja Mmarekani, mtu mrefu mpole, mwenyeji wa jimbo la Minnesota lililo kaskazini kabisa mwa nchi yao. Siku za Jumamosi alikuwa akichukua ufito mwembamba wenye uzi na kutelemka kwenye vijito vya mlimani kuvua samaki aitwaye trauti. Sisi wanachuo tulimwona kama mtu aliyekosa kazi. Siku moja nilimfuata kwa udadisi tu. Nikamwona akifunga kwenye ndoana yake kitu kidogo kilichotengenezwa kwa manyoya ya kuku, kikafanana na nzi. Akakirusha juu ya maji, kikaelea, na mara samaki akaruka akakimeza. Nilishangaa mno. Kwetu samaki alidanganywa kwa mnyoo, tena mnyoo wa kweli. Kumdanganya kwa unyoya lilikuwa jambo jipya.

Jioni hiyo alinionyesha picha ya ziwa la kwao. Lilikuwa dogo, limezungukwa na misonobari, na alisema miezi mingi ya mwaka huganda mpaka watu wakatembea juu yake. Baba yake alimpeleka huko akiwa na umri wa miaka minane. Hakuna barabara ya kufika. Mtu hubeba mtumbwi begani. "Njia yake," aliniambia, "baba hakumwonyesha mtu yeyote ila sisi wanawe." Nilimuuliza kwa nini afanye uchoyo wa maji aliyoyaumba Mungu. Akafikiri kidogo, akasema kwamba ukiwa na ziwa dogo, kila mtu unayempeleka anakuwa mkubwa kuliko ziwa. Wakati ule sikumwelewa.

Jambo lingine aliloniambia ni kwamba trauti si mwenyeji wa Afrika Mashariki. Wakati wa ukoloni Wazungu walimpanda katika mito ya milima yetu yenye maji baridi, ili wapate kuvua kama walivyovua kwao. Baadaye nimesoma kwamba mwaka 1905 mayai ya trauti yalisafirishwa kutoka Uskoti hadi Kenya, baharini na nchi kavu, yakamwagwa katika mto wa milima ya Aberdare. Na mwaka huohuo wa 1905, ndiyo kwanza nyavu za makila za kizungu zilipoanza kutumika katika Ziwa Victoria, upande wa Ghuba ya Kavirondo, kumvua samaki wetu aitwaye ngege. Mwaka mmoja ulileta samaki wa mbali kwa gharama kubwa, na mwaka uleule ukaanza kummaliza samaki wa hapa. Sisemi kwamba mambo hayo mawili yalipangwa na mtu mmoja. Nasema yalitokea pamoja, na mimi nilikuja kurudia kosa hilo kwa kiasi changu kidogo.

Nilimaliza chuo mwaka 1971, na Januari 1972 nikapangiwa shule moja ya msingi huko kaskazini. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, nikikaa chumba kimoja na redio yangu. Mwezi wa pili hivi, mzee mmoja alikuja shuleni kumwandikisha mwanawe darasa la kwanza. Alikuwa amefunga samaki wawili kwa ukindu, akaniwekea mezani bila maneno mengi. Nikamuuliza wametoka wapi. Akaonyesha kwa kidevu upande wa vilima. Nikamwambia nami napenda uvuvi, jambo ambalo lilikuwa nusu uongo. Akanitazama viatu, akasema, "Mwalimu, hivyo hutafika navyo."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda naye pekupeku. Tuliondoka kabla jogoo hawajamaliza kuwika, na tulipofika kileleni ukungu ulikuwa umelala bondeni kama maziwa kwenye kibuyu. Jua lilipopanda ukungu ukaanza kukatika, nikaliona ziwa. Maji yalikuwa meusi pembeni penye mafunjo na ya samawati katikati. Mdiria alikuwa ametulia hewani akipiga mbawa, na furukombe akalia mara moja tu kutoka kwenye mti mkavu. Nilikumbuka ile picha ya Minnesota. Hapakuwa na misonobari wala barafu, lakini nilijua kwamba nimepata kile alichokuwa nacho mkufunzi wangu.

Mzee alinifundisha uvuvi wa pale, na ulikuwa mbali sana na ule wa Marangu. Ndoana ilikuwa ya kambale tu, nayo ilitegwa jioni kwa chambo cha minyoo na kuangaliwa asubuhi. Kamongo, yule samaki anayeweza kupumua hewa na kulala ndani ya tope maji yakikauka, alichomwa kwa mkuki mwembamba, naye ana meno ya kukata kidole. Lakini ngege hakuvuliwa kwa ndoana. Chakula chake ni ukijani ule mdogo usioonekana kwa jicho unaoelea majini, naye huuchuja kama mama anavyochuja tui. Mtu asiyekula mnyoo huwezi kumdanganya kwa mnyoo. Kwa hiyo mzee alimtegea migono aliyoisuka mwenyewe, akiizamisha kwenye vichochoro ndani ya mafunjo ambako ngege alipita. Matundu ya migono yake yalikuwa makubwa. Nilimwambia kwamba akiyapunguza atapata samaki wengi zaidi. Akanijibu kwamba wadogo ni wa mwakani.

Tulibanika ngege wawili siku ile, tukawala kwa ndizi zilizopikwa ndani ya majani ya mgomba. Sijapata kula samaki mtamu kuliko yule. Nilikuja kujua baadaye kwamba Mwingereza mmoja, Michael Graham, aliyefanya uchunguzi mkubwa wa uvuvi katika Ziwa Victoria mwaka 1927 na 1928, ndiye aliyempa ngege jina lake la kitaalamu, nalo kwa Kilatini lina maana ya kitu kifaacho kuliwa. Hata wataalamu, basi, walianza kwa kuonja. Bwana huyo alishauri nyavu zenye matundu madogo kuliko inchi tano zipigwe marufuku. Mzee wangu hakuwahi kumsikia, lakini walikuwa wamefikia shauri moja.

Kwa miaka kumi na mitatu nilikwenda ziwani karibu kila mwezi. Nilioa, nikapata watoto, nikapandishwa cheo kuwa mwalimu mkuu mwaka 1979, lakini sikuacha. Watu walidhani nafuata kitoweo. Ukweli ni kwamba mwalimu mkuu hana mahali pa kunyamaza. Asubuhi ni walimu, mchana ni wazazi, jioni ni ripoti za ofisi ya elimu. Kule ziwani niliketi kwenye mtumbwi pamoja na mtu asiyetaka kitu kwangu, tukakaa saa nzima bila kusemezana.

Sasa nifike kwenye ndoo.

Wazee wenzangu wanakumbuka Elimu ya Kujitegemea, ambayo Mwalimu Nyerere aliitangaza mwaka 1967. Kila shule ilitakiwa kuwa na shamba au mradi. Shule yangu ilikuwa na migomba, nyuki na sungura, na mwaka 1983 tukachimba bwawa la samaki. Vifaranga tulivyopata vilikuwa vya sato, samaki ambaye wataalamu walikuwa wamemwingiza Ziwa Victoria tangu miaka ya 1950, pamoja na sangara. Sato hana makuu. Anakula pumba, anakula majani, anakula mabaki ya jikoni, na anaongezeka haraka. Watoto walipenda kumlisha, na nilijivunia bwawa lile kuliko vyeti vyangu. Wageni wa ofisini walipokuja niliwapeleka hapo kwanza.

Mwezi Julai 1985 kiangazi kilikuwa kikali na bwawa likaanza kukauka. Samaki wakubwa tuliwala. Wadogo walibaki wakihema kwenye tope. Wakati huohuo habari za sangara zilikuwa zimefika mpaka kwetu vijijini. Waliotoka Bukoba na Mwanza walisimulia kwamba samaki mmoja anabebwa na watu wawili, na kwamba wavuvi wanajenga nyumba za bati. Wazazi wakaniuliza, kwa nini ziwa letu lisipandwe samaki wa maana? Mimi nikaona ni swali la maendeleo. Sangara sikuwa naye, lakini sato nilikuwa naye. Nilichukua ndoo moja, nikaweka samaki wadogo wapatao hamsini, na vijana wanne wa darasa la saba wakapokezana kuibeba. Kila tulipokuta kijito tulibadilisha maji. Tulipofika nilitoa hotuba fupi kuhusu sayansi na kujitegemea, kisha nikaiinamisha ndoo. Vijana wakapiga makofi. Samaki wakatawanyika kwenye kivuli cha mafunjo, na maji yakatulia kana kwamba hapakutokea kitu.

Sikumuuliza mzee. Hilo ndilo linalonisumbua hata leo. Nilijua siku zake za kuwa ziwani, na nikachagua siku ambayo hayupo. Mtu anayejua kwamba anafanya jambo jema hachagui siku.

Alipata habari kabla sijafika nyumbani, kwa kuwa mmoja wa wale vijana alikuwa mwanawe, yuleyule aliyemleta darasa la kwanza, ambaye alianza kwa kuchelewa na kurudia madarasa. Mzee alikuja shuleni kesho yake, akakaa kwenye benchi la nje mpaka saa ya mapumziko. Nikatoka nikiwa na maelezo yangu tayari. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, mgeni huingia kwa hodi. Wewe umewaingiza wageni hamsini, na mwenye nyumba hayupo." Nikamwambia samaki ni samaki, wataongezeka tu na yeye ndiye atakayefaidika. Akaniuliza, "Wanakula nini?" Nikajibu kwa fahari kwamba wanakula chochote. Akatikisa kichwa, akasema basi huyo ndiye wa kuogopwa. Akaondoka. Mwezi uliofuata alinipitia kama kawaida twende ziwani, wala hakulitaja tena jambo lile maisha yake yote. Ningependelea angenigombeza.

Miaka ikapita. Mwaka 1994 siwezi kuuruka, maana hakuna mtu wa kandokando ya Kagera anayeuruka. Mto ulileta maiti kutoka Rwanda, ukazipeleka mpaka Ziwa Victoria. Maelfu kwa maelfu ya wakimbizi waliingia Ngara na Karagwe, na vilima nilivyovijua vikawa mahema ya plastiki na kuni zikatoweka. Watu waliacha kula samaki, hata wa maziwa ambayo mto haukuyafikia. Mzee aliitoa migono yake majini akaianika kwenye paa. Mwezi Juni tulikwenda wote wawili bila ndoana wala mkuki. Tuliketi ukingoni. Hatukusema kitu, ila kabla ya kuondoka alichota maji kwa kiganja, akanawa uso, nami nikanawa. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba ziwa linaweza kutembelewa kama mgonjwa anavyotembelewa, bila kulidai chakula.

Alifariki mwaka 1998. Mwanawe alirithi mtumbwi na migono. Mimi nilihamishiwa shule nyingine karibu na Kayanga, nikastaafu mwaka 2010, na miguu yangu ikaanza kuniambia mambo ambayo sikutaka kuyasikia. Kwa miaka mingi sikwenda ziwani.

Mwaka 2016 nilikutana sokoni Nkwenda na mwanafunzi wangu wa zamani ambaye amekuwa bwana samaki. Alinisalimu kwa heshima, tukaketi kunywa chai, nikamsimulia habari za bwawa letu la 1983 nikidhani atacheka. Hakucheka. Alinieleza kwa upole, kama nilivyokuwa nikimweleza yeye hesabu za sehemu. Ngege wa Ziwa Victoria, alisema, alikuwa ndiye samaki mkuu wa wavuvi wa zamani. Kwanza alipunguzwa na nyavu. Halafu sangara akaja akawala, na sato akachukua mazalio na malisho yaliyobaki. Leo ngege karibu ametoweka katika ziwa kubwa lile, na duniani amewekwa katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kwisha. Alikosalia ni katika maziwa madogo ya pembeni, yale yaliyofungwa na mafunjo, kama Kanyaboli huko Kenya na baadhi ya maziwa yetu ya Kagera. Yamempa hifadhi kwa sababu moja tu: hakuna aliyehangaika kuyaendea.

Nikamuuliza, na mahali ambapo sato ameingizwa je? Akasema sato na ngege ni wa ukoo mmoja na huzaana. Baada ya vizazi kadhaa unabaki na samaki ambaye si huyu wala si yule, na ngege halisi anapotea bila kufa. Nikamuuliza kama iko dawa ya kuwatoa. Akasema hakuna. Ziwa si ubao, Mwalimu, huwezi kulifuta. Maneno hayo aliyatoa kwangu mwenyewe. Nilikuwa nikiwaambia darasani kwamba maisha si ubao. Kisha akanifundisha jinsi ya kuwatofautisha. Sato ana mistari ya wima iliyojipanga kwenye mkia wake. Ngege hana.

Nimelifikiria jambo hilo usiku mwingi. Wenzangu wachache niliowaeleza wamejaribu kunifariji. Wanasema sato angefika tu, kwa mkono wa mtu mwingine au kwa njia ya mto. Yawezekana. Lakini kwamba mwizi mwingine angekuja kesho hakumwondolei kosa aliyeiba leo. Wengine wanasema nilikuwa na nia njema. Nia nilikuwa nayo, na wale waliobeba mayai kutoka Uskoti walikuwa nayo, na waliotia sangara walitaka kulisha watu, na kwa kweli sangara ameleta fedha nyingi na viwanda vya minofu, ingawa wengi wa mwambao waliishia kununua mapanki. Ninachojutia zaidi si ujinga. Mwalimu hana haki ya kuona aibu kwa sababu hakujua. Ninajutia kwamba aliyejua alikuwapo, umbali wa nyumba chache, na sikumuuliza kwa sababu hakuwa na cheti.

Mwezi Agosti 2023 niliamua kwenda tena. Mjukuu wangu wa miaka kumi na minne alikuwa likizo, akanibebea mkoba na kunishika mkono kwenye mteremko. Mwendo wa saa mbili ulituchukua saa nne na nusu. Mwana wa yule mzee, ambaye sasa naye ana mvi, alitungoja ukingoni na mtumbwi. "Karibu nyumbani, Mwalimu," aliniambia. Ukungu ulikuwa umekwisha kuondoka, lakini mdiria alikuwapo, na mafunjo yalikuwa yaleyale, na harufu ya maji ilikuwa ileile. Nilimwambia mjukuu wangu asipige picha za simu. Hakuelewa. Nami kwa umri wake nisingeelewa.

Tuliitoa migono mitatu. Matundu yake bado yalikuwa makubwa. Ndani mlikuwa na samaki watano, na kabla hawajawekwa kwenye kapu niliomba niwaone mmoja mmoja. Mikono yangu ilitetemeka, na haikuwa kwa uzee tu. Nilimkunjua wa kwanza mkia. Haukuwa na mistari. Wa pili hakuwa nayo, wa tatu hakuwa nayo, wa nne hakuwa nayo. Wa tano nilipomfungua mkia, mistari ilikuwapo, imejipanga wima kama mistari ya daftari.

Nilikaa kimya. Mjukuu wangu akauliza, "Babu, huyo ni mbaya?" Nikamwambia hapana, samaki hana ubaya. Nikamweleza habari za ndoo tangu mwanzo hadi mwisho, mbele ya mwana wa mzee, ambaye alikuwa amebeba ndoo ile kwa mikono yake mwenyewe siku ile na kupiga makofi. Alisikiliza huku akitazama maji. Kisha akasema kwamba wenye mistari huwapata, si kila siku lakini huwapata, na kwamba baba yake alipokuwa hai kila aliyemkuta alimtoa na kumla, mkubwa kwa mdogo, hata walio wa mwakani. "Alisema hao ni wa Mwalimu," aliniambia, "tuwale kwanza."

Kwa hiyo miaka kumi na mitatu, tangu ndoo yangu hadi kufa kwake, mzee yule alikuwa akisahihisha kazi yangu bila kuniambia.

Niliuliza bei ya samaki wote watano. Akakataa kuniuzia, nikasisitiza, tukakubaliana. Wale wanne wasio na mistari nikawarudisha majini kwa mkono wangu, mmoja baada ya mwingine, mahali palepale nilipoinamisha ndoo. Mwenye mistari tulimbanika tukamla kwa ndizi. Alikuwa mtamu, sitasema uongo. Mwana wa mzee alicheka akaniambia, "Mwalimu, umetupa fedha bure. Hao wanne kesho nitawakamata tena."

Nikamwambia awakamate. Ila wadogo awaache wa mwakani, na wenye mistari asimwache hata mmoja.